Sauti Iliyobaki Bungoma

Beth Nyaruai hakuacha ualimu kwa kuuchoka. Aliuacha kwa kuupenda kupita kiasi, kama mtu anayehama nyumba ya kupanga ili akajijengee yake. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha sayansi katika shule moja karibu na Kiminini, mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule wala si serikali, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Katika mwaka wa tisa ikaja korona, shule zikafungwa, na wanafunzi wake wakatawanyika mashambani kama kuku walioona mwewe.

Ndipo alipoanza kurekodi masomo mafupi kwa simu, amekaa jikoni kwa mama yake, na kuwatumia wazazi. Mwanzoni alikuwa akisoma tu maneno ya kitabu. Siku moja akachora moyo kwenye karatasi kumi na mbili, kila karatasi imebadilika kidogo, akazipiga picha moja moja na kuziunganisha hadi ule moyo ukawa unadunda kwenye kioo cha simu. Shule zilipofunguliwa aligundua kwamba wale waliouona moyo ukidunda waliweza kueleza damu inavyozunguka, na wale waliosoma kitabu waliweza kukariri tu. Jambo hilo lilimkosesha raha. Alikuwa amefundisha moyo kwa miaka tisa. Je, wale wote wa nyuma walielewa nini?

Akaanza kusoma, si sayansi tena, bali namna mtu anavyojifunza: kwa nini jicho linachoka, kwa nini swali zuri lina nguvu kuliko jibu zuri, picha ikae wapi na neno likae wapi. Alisoma kozi za bure kwenye simu, na alipopata kompyuta kuukuu akajifunza kuchora kwayo na kukata sauti. Mwaka wa tatu aliandika barua ya kuacha kazi, akapanga chumba kimoja mjini Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo, na kubandika mlangoni karatasi yenye neno moja: ELEWA.

"Kampuni nzima ni mimi na hiki kiti," alikuwa akiwaambia watu, akicheka. Yeye ndiye mwandishi, yeye mchoraji, yeye msomaji, yeye mwenye kufagia. Alitundika mablanketi mawili ukutani ili chumba kisitoe mwangwi, na alirekodi mapema asubuhi kabla kinu cha kusaga unga cha jirani hakijaanza kunguruma. Sauti yake ilikuwa nzuri. Watu wa kanisani walijua hivyo tangu akiwa msichana. Ilikuwa nzito kidogo, yenye joto, na ilikuwa na namna ya kushuka mwishoni mwa sentensi kama mtu anayekaa kando yako kitandani ukiwa mgonjwa. Masomo alianza kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, na pale alipojua mtoto atakwama, alihamia Kiswahili.

Mtu pekee aliyemsaidia alikuwa Linah, mwalimu wa sayansi katika shule ya kibinafsi iliyoitwa Mapambazuko, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Walikutana kwenye semina ya walimu. Linah alikuwa Mbukusu wa Misikhu, mwanamke mrefu, mwenye kuzungumza polepole, na alimwambia Nyaruai bila haya kwamba masomo yake ni mazuri lakini yamejaa vitu vya kitabuni.

"Mtoto haerewi maneno, mwalimu," alisema kwa ulimi wa kwao. "Anaerewa kitu. Mpe kitu."

Hata ile kampuni akaiita Erewa, na Nyaruai akazoea kuipenda hivyo. Kila Jumamosi Linah alikuwa akija Kitale, na wawili hao wakawa wanaandika pamoja. Somo la kuchuja ndilo walilolipenda zaidi. Badala ya karatasi ya maabara, ambayo shule nyingi hazina, Linah alileta chungu cha nyanya yake kilichotobolewa matundu chini, kile cha kutilia majivu na kumimina maji ili yatoke maji ya kuchemshia mboga. Nyaruai alikichora kile chungu hadi nyufa zake.

"Na ukishauliza swali, nyamaza," Linah alimfundisha. "Hesabu mpaka tano. Hapo ndipo mwalimu atasimamisha runinga, azunguke katikati ya madawati, aulize yake. Hii kitu yako ni ya kushika mwalimu mkono."

"Ya kumshika mkono," Nyaruai alirudia, akaiandika sentensi hiyo kwenye daftari.

Rovu lilianza kama yai la njiwa kooni mwake. Alilifunika kwa skafu kwa muda mrefu, mpaka likawa linamkaba akilala. Daktari wa Eldoret alimwambia lazima litolewe, na akamweleza kwa upole kwamba mshipa mwembamba wa sauti unapita pale pale.

"Mara nyingi hatuugusi," daktari alisema. "Mara chache unaguswa."

Alipangiwa tarehe, miezi mitano mbele. Nyaruai alirudi Kitale akakaa kwenye kiti chake kwa muda, akitazama yale mablanketi. Kisha akafungua kompyuta na kuanza. Alikuwa na wazo la kurekodi masomo machache kila muhula. Sasa aliamua kurekodi miaka mitatu yote ya sayansi, gredi ya saba mpaka ya tisa. Alifanya kazi kama mkulima aliyeona wingu. Linah akawa anakuja Jumamosi na Jumapili, akimchemshia maji ya tangawizi na kumwambia anywe, anyamaze, aanze tena. Somo la mwisho walilimaliza siku nne kabla ya upasuaji. Linah alipiga makofi mara moja, halafu akaona aibu, akashika mikono yake magotini.

Alipozinduka hospitalini, Nyaruai aliona muuguzi akipita, akafungua kinywa kumwita. Hewa tu ilitoka. Daktari alikuja, akaeleza, akasema tungoje miezi sita, wakati mwingine mshipa huamka. Walingoja. Haukuamka. Alibakiwa na mnong'ono mkavu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, ambao mtu hawezi kuusikia asipoinama. Darasani asingeweza kurudi tena. Kanisani alisimama na wenzake, akafungua kinywa na kukifunga pamoja nao.

Biashara ikawa ngumu. Mwalimu mkuu anataka kuzungumziwa, apigiwe simu, asalimiwe vizuri, achekeshwe. Nyaruai alituma ujumbe wa maandishi, na wengi hawakujibu. Wengine walipomwona ofisini mwao akinong'ona huku amejishika koo, walimwonea huruma, wakampa chai, wakamwambia atarudi siku nyingine. Aliyechukua masomo yote, bila kusitasita, alikuwa Dairekta Bramwel, mwenye shule ya Mapambazuko, mwajiri wa Linah. Alinunua runinga tatu kubwa, akamwita Nyaruai Bungoma azifunge na kuwaonyesha walimu namna ya kuzitumia.

Siku ile Nyaruai alisimama nje ya dirisha la gredi ya nane na kumtazama Linah akifundisha. Sauti yake mwenyewe, ya zamani, ikatoka kwenye runinga ikauliza swali. Linah akabonyeza, runinga ikatulia, akazunguka katikati ya madawati. "Wewe, umeona nini? Na wewe, unakataa? Mbona unakataa?" Watoto walikuwa wakibishana hadi wanasimama. Nyaruai aliegemea ukuta. Hakuwahi kuwa na furaha kama ya asubuhi hiyo, wala hakuja kuipata tena. Alijiona bado ni mwalimu. Sauti iko ndani, yeye yuko nje, lakini kazi ni moja.

Muhula wa pili Linah alianza kuwa kimya. Alipoandikiwa ujumbe alijibu kwa neno moja moja. "Niko sawa." "Asante." Nyaruai alidhani ni uchovu wa kazi, na yeye mwenyewe alikuwa na shughuli nyingi, kwa sababu Dairekta Bramwel alikuwa amemwagiza masomo ya hesabu. Aliyatengeneza bila sauti: vipande vya maumbo vinavyosogea, vinavyojipanga, vinavyokatika, na maneno machache ya maandishi. Alijivunia kazi hiyo. Akajiambia kwamba kumbe hata bubu anaweza kufundisha.

Alikuwa ameahidi kuyapeleka Alhamisi, lakini yalikamilika mapema, akaenda Bungoma Jumanne. Alifika shuleni katikati ya kipindi cha asubuhi. Bawabu hakuwepo langoni, akajiingiza mwenyewe. Kutoka uani alisikia sauti yake. Ilikuwa ikitoka madarasa matatu kwa wakati mmoja, ikisema mambo matatu tofauti, na hakukuwa na sauti nyingine yoyote shuleni.

Aliingia gredi ya nane kwa mlango wa nyuma. Watoto arobaini na zaidi walikuwa wameketi wima, mikono juu ya dawati. Kwenye runinga kilikuwa kile chungu cha matundu. Mbele, kwenye kiti cha mwalimu, alikaa bawabu, rungu lake kwenye mapaja, rimoti mkononi.

"Mpaka hapo mmeelewa?" iliuliza sauti ya Nyaruai, kwa ule upole wake.

"Ndiyo, mwalimuuu!" darasa zima liliitikia.

Zikaja zile sekunde tano za kimya. Hakuna aliyeinuka. Bawabu alitazama dirishani. Msichana mmoja, safu ya tatu, aliinua mkono. Aliuinua kuelekea runinga, akaushikilia hapo. Sekunde zikaisha, sauti ikaendelea na sehemu ya pili, na yule msichana akaushusha mkono polepole, akaandika kitu asichokuwa anakitazama.

Nyaruai alienda akachuchumaa kando yake. "Ulitaka kuuliza nini?" alinong'ona.

Msichana alishtuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwalimu."

Msichana alimwangalia, akaangalia runinga, hakuona uhusiano wowote. Lakini swali lilikuwa linamwasha. "Wamesema majivu yanabaki juu na maji safi yanapita chini. Sasa mbona kwetu yale maji yakitoka yanakuwa na rangi? Na yana chumvi. Hiyo chumvi imepitaje?"

Lilikuwa swali ambalo mwalimu hulisubiri mwaka mzima. Ndilo mlango wa somo linalofuata lote. Nyaruai alifungua kinywa, akaanza kueleza kwamba kuna vitu vinavyoyeyuka na vitu visivyoyeyuka, lakini runinga ilikuwa inaunguruma juu ya kichwa chake, na msichana akawa anainamisha sikio, anakunja uso, "Ati? Ati nini?" Nyaruai akanyanyuka, akaenda kwa bawabu, akaonyesha kwa mkono kwamba aisimamishe.

"Siruhusiwi, madam," bawabu alisema kwa heshima. "Dairekta alikataza. Ati ikisimama, vipindi vyote vinachelewa."

Na sauti ya Nyaruai ikaendelea, tulivu, haina haraka, ikimfunika Nyaruai mwenyewe aliyesimama pale mbele ya watoto arobaini, anasogeza midomo.

Dairekta Bramwel alimpokea ofisini kwa mikono miwili. "Karibu mwalimu, karibu! Si ungepiga simu nitume mtu akupokee stage ya matatu?" Kisha akakumbuka kwamba mgeni wake hapigi simu, akakohoa, akavuta kiti.

"Walimu wako wapi, Dairekta?" Nyaruai alinong'ona.

"Ati?"

Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: *Walimu wako wapi? Linah yuko wapi?*

Bramwel alisoma, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. "Niliwaachilia wanne," alisema. "Linah pia. Mwezi wa tano. Nilifikiri amekuambia." Akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Mwalimu, wewe unatoka Kitale kwa mahindi. Hapa watu ni miwa, na miwa imeoza shambani miaka mingapi sasa? Wazazi wamenijia hapa wakilia. Nimepunguza karo. Ningepunguza na nini kama si hiyo? Ama nifunge, watoto wote warudi nyumbani? Wewe ndiye umeokoa hii shule. Ukweli wa Mungu."

*Masomo haya ni ya kutumiwa na mwalimu,* Nyaruai aliandika. *Bila mwalimu si masomo.*

"Lakini watoto wanaitikia vizuri. Umesikia mwenyewe."

Aliandika kwamba anataka kuyaondoa. Bramwel, bila hasira, alifungua droo, akatoa mkataba. Nyaruai aliujua, alikuwa ameuandika mwenyewe, peke yake, bila wakili, kama alivyofanya kila kitu. *Masomo ni ya shule, iyatumie ipendavyo.* Neno hilo "ipendavyo" alikuwa amelitia kwa ukarimu, akifikiria walimu watakaotaka kukata kipande hiki au kurudia kile.

Mtu alibisha mlangoni, Bramwel akatoka kwa dakika chache. Kompyuta iliyobeba masomo yote ilikuwa pale mezani, imefunguliwa. Nyaruai alijua folda iko wapi, aliiweka yeye. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Akafikiria kesho asubuhi: gredi ya nane wameketi wima, hawana mwalimu, hawana hata runinga. Yule msichana wa safu ya tatu. Akaondoa kidole. Bramwel aliporudi alimkuta amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Masomo ya hesabu hakuyatoa mkobani.

Siku hiyo hiyo alipita Misikhu, kwao Linah. Ilikuwa siku ya soko. Alimkuta Linah amekaa nyuma ya rundo la nguo kuukuu za watoto, akikunjua sweta moja baada ya nyingine. Hakuinuka.

Nyaruai aliinama karibu naye. "Nimetoka shuleni sasa hivi. Sikujua, Linah."

"Hukujua." Linah aliweka sweta chini. "Ni kweli, hukujua. Lakini hukuuliza pia. Miezi mitatu."

"Uliniambia uko sawa."

"Ulikuwa umepoteza sauti. Ningekuambia nini? Ati sauti yako imenifuta kazi?" Mteja aliuliza bei, Linah akamjibu, akangoja aondoke. "Unajua walituweka staffroom wiki mbili kabla ya barua? Hatuna darasa, tumekaa tu. Nikasikia somo la chungu. Chungu cha kukhu, nyanya yangu. Nikajua kila neno linalokuja, kwa sababu mengine ni yangu. Hapo nikafikiria, labda mlipatana na Dairekta. Labda hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe tangu mwanzo."

"Linah!"

"Nilifikiria hivyo. Sijui hata kama nimeacha kufikiria." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja saa. Kisha akachagua kaptura moja ndogo, akaikunguta vumbi, akaanza kuita wateja kwa ile sauti yake ya darasani, na Nyaruai, ambaye hakuwa na sauti ya kushindana nayo, alikaa kidogo, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye alikuwa kwa mama yake Kiminini, anamenya viazi, kaka yake Wanyoike alipoingia mbio na simu mkononi.

"Mbona hukutuambia umerudi kufundisha? Tena hesabu!"

Simu ilikuwa inazungumza, na kwenye kioo kuliandikwa Mapambazuko. Ilikuwa sauti ya Nyaruai, ile nzito yenye joto, inayoshuka mwishoni mwa sentensi. Mama yake, ambaye macho yalikuwa yamekwisha lakini masikio bado, alikuwa amesimama kando ya jiko. Akageuka. Akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Imerudi," mama alisema. "Sauti ya mtoto wangu imerudi! Bwana asifiwe, imerudi!" Akaanza kulia, akipapasa hewani kumtafuta binti yake.

Nyaruai alimshika mikono, akatikisa kichwa, akakumbuka kwamba mama haoni kichwa kinachotikiswa. Ilibidi amnong'oneze sikioni, mara mbili, kwamba si yeye. Kwamba Dairekta wa Bungoma bila shaka amepata fundi wa kompyuta aliyechukua masomo ya zamani, akaifundisha mashine kuigiza ile sauti, na sasa mashine inasema chochote inachoandikiwa. Mama hakuelewa. Alielewa tu kwamba furaha yake haikuwa ya kweli, akakaa chini, akajifunika uso kwa leso. Siku nzima hakutaka chakula.

Wanyoike alikuwa bado ameshika simu, na simu bado ilikuwa inafundisha.

"Kwa hivyo, watoto wangu," ilisema kwa upole, "robo tatu ni ndogo kuliko theluthi mbili. Mpaka hapo mmeelewa?"

Alimwandikia Bramwel. Bramwel akajibu kwa heshima kwamba mkataba unaruhusu, kwamba wazazi wanaipenda ile sauti kuliko nyingine yoyote, na kwamba makosa madogo yatarekebishwa. Akamshukuru sana. Aliongeza kwamba anafungua tawi jingine. Matokeo ya mtihani wa gredi ya tisa yalipotoka, Mapambazuko haikupanda wala haikushuka, na wazazi wakaridhika, kwa kuwa karo ilikuwa nafuu.

Nyaruai alikiacha kile chumba cha Kitale, akahamishia kiti na kompyuta kwa mama yake. Alifungua masomo yote ya miaka mitatu, moja baada ya jingine, akatoa sauti yake humo. Ilikuwa kazi ya miezi sita, na siku nyingine alihisi kama mtu anayefukua kaburi. Aliacha picha tu, na akazitengeneza upya zisisogee mpaka mtu aliyesimama mbele azisogeze kwa mkono, na zisioneshe jibu mpaka darasa liwe limeandika makisio matatu tofauti. Mwalimu akikosekana, ile picha inakaa tu, haifanyi lolote. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika majina mawili ya waandishi, la Linah likiwa la kwanza. Alizunguka shule nyingi. Wengi waliuliza swali moja: "Kwani hii haiongei?" Mmoja alimwambia waziwazi kwamba amesikia kuna nyingine Bungoma inayofanya kazi yenyewe.

Shule tatu zilikubali. Ya kwanza ilikuwa ya Kachibora, ya mwalimu mkuu aitwaye Kemboi, mtu wa maneno machache aliyekuwa na walimu wawili tu wa sayansi, na aliyetaka wawe wazuri zaidi. Nyaruai alimwandikia Linah ujumbe mrefu akimwomba aje awafundishe wale walimu, maana yeye mwenyewe hasikiki. Hakutarajia jibu. Lakini Linah alikuja, amevaa viatu vyake vya ualimu, akakaa na wale walimu kutwa nzima. Alizunguka katikati ya madawati kana kwamba hajawahi kuondoka. Nyaruai akiwa mbele, anasogeza picha kila Linah alipomtupia jicho, hawakuhitaji hata kunong'ona.

Jioni walitembea pamoja kuelekea stage.

"Njoo tena mwezi ujao," Nyaruai alisema. "Kuna shule mbili nyingine. Tufanye hii kazi pamoja, iwe yetu."

Linah alihamishia mkoba bega la pili. "Nimepata kazi Katar. Pasipoti imetoka. Naondoka wiki ijayo."

"Kufundisha?"

"Kupika na kulea. Watoto watatu." Alisimama, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nilikuja leo ili nifundishe mara moja tena kabla sijaenda. Sikuja kwa sababu yako, Nyaruai. Usijidanganye. Lakini sina kinyongo kama kile cha soko. Kimepungua."

Alimshika bega, akalibinya, akaenda. Tangu wakati huo ameandika mara mbili: kwamba kuna joto, na kwamba mtoto mkubwa wa pale nyumbani ni mzito wa hesabu, na yeye humsaidia wenye nyumba wakitoka.

Shule za Nyaruai bado ni tatu. Mahindi ya mama yake ndiyo yanayoilisha nyumba, na kazi yenyewe hujilisha kwa shida. Mapambazuko sasa ina matawi mawili, na masomo yake ya hesabu wazazi hutumiana kwa simu hadi Kiminini, hadi Kachibora. Kila somo jipya linapomfikia, Nyaruai hulisikiliza mpaka mwisho akiwa na karatasi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisikiliza hivyo. Anaandika kosa, anaandika dakika lilipo, anaandika lililo sahihi, anamtumia Dairekta Bramwel. Jibu huja bila kukosa: asante mwalimu, tutalishughulikia. Katika makosa kumi na moja, mawili yamerekebishwa.

Wiki iliyopita alipata la kumi na mbili. Sauti yake ilikuwa imewaambia watoto kwamba sifuri ukiizidisha kwa saba unapata saba. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena ili asije akawa amesikia vibaya, kisha akachukua kalamu na kuandika.